Dirisha la Kupimia Mizani

Mimi ni mshairi mdogo na mwandishi wa programu mdogo zaidi. Ushairi niliuanza shuleni. Programu nimezianza ukubwani, usiku, baada ya shughuli za mchana, kwa sababu ileile inayomfanya mtu akavue kwa mshipi siku ya Jumapili ilhali samaki wamejaa sokoni. Sikutarajia kwamba mapenzi haya mawili yangekutana, wala kwamba yakikutana yangeniachia deni. Nayaandika haya nikiamini kwamba miongoni mwa wasomaji wenzangu wapo wanaotunga, na wapo pia wanaochezea kompyuta, na kila mmoja anaweza kupata cha kuokota.

Aliyeyakutanisha mapenzi hayo ni Maalim wangu wa ushairi, mzee wa hapa Tanga. Ana madaftari kumi na moja ya tungo zake. Saba ameyaandika kwa herufi za Kilatini. Manne, ambayo ndiyo ya zamani, ameyaandika kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa hizo ndizo alizofundishwa chuoni kabla hajatia mguu shuleni. Siku moja, baada ya shikamoo na kahawa, aliniambia: "Mwanangu, wewe unajua kusema na mashine. Nitengenezee kipimo cha mizani. Nataka niwe nalipiga chapa shairi langu, na mshororo ukichechemea, mashine inikoholee."

Programu yenyewe haikuwa ngumu kuiwazia. Ugumu ulikuwa katika mahali pa kuiweka. Maalim ana kompyuta kuukuu yenye Windows, aliyopewa na mwanawe. Mimi natumia Linux. Mjukuu wake aliyeko Muscat, aliyejitolea kunakili yale madaftari manne kutokana na picha tulizompelekea, anatumia Mac. Programu ilikuwa moja, nyumba tatu, na kila nyumba ina desturi yake ya kufungua dirisha, kuchora kitufe na kupokea herufi kutoka kwenye vidole vya mtu.

Hapo ndipo linapoingia suala la zana za kiolesura. Neno hili, kiolesura, nalipenda. Kila nikilisikia, sikio langu hupata ndani yake kitenzi cha kale cha washairi, kuola, yaani kutazama, pamoja na sura yenyewe. Kiolesura ni ile sura ambayo programu humwonyesha mtu: dirisha, menyu, kisanduku cha kuandikia, kitufe cha kubonyeza. Mwandishi wa programu hachongi vitu hivyo kwa mkono. Huchukua sanduku la zana lililokwisha kutengenezwa na wengine, na kama anataka programu yake ifanye kazi katika nyumba zote tatu, hutafuta sanduku linalojua desturi za zote tatu. Masanduku ya namna hiyo ni mengi. Kuchagua ni rahisi mpaka siku unapoanza kuchagua.

Nilianza na lililokuwa karibu. Mimi huandika kwa lugha ya Python, nayo huja na Tkinter, mlango wa kuingilia katika Tk, sanduku ambalo John Ousterhout alilitoa mwaka 1991 alipokuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni kongwe, ni jepesi, na halimdai mtu kupakua chochote cha ziada. Kwa jioni moja nilikuwa na dirisha, kisanduku cha kuandikia, na pembeni nambari iliyobadilika kila herufi ilipoongezwa. Nilihesabu irabu tu, kila irabu mizani moja, nikaona nimemaliza.

Maalim alikaa mbele ya kompyuta yake, akavaa miwani, akapiga chapa mshororo mmoja alioutunga palepale:

Mtu mbaya mwogope, habari mbaya ni sumu.

Mashine ikasema: kipande cha kwanza sita, cha pili nane. Maalim akanitazama bila kusema neno. Kila asomaye hapa anajua kosa langu. Katika "mtu", ile m inasimama peke yake na ina mizani yake: m-tu. Nilirudi nyumbani nikaongeza kanuni: m ikifuatwa na konsonanti isiyokuwa w, ihesabiwe. Kipande cha kwanza kikawa nane barabara. Cha pili kikapanda hadi tisa, kwa sababu mashine sasa ilisoma "m-ba-ya" hata mahali pa "mba-ya".

Wasomaji wangu, hebu tutulie hapa kidogo. Neno ni lilelile, herufi ni zilezile, na mizani si zilezile. Mtu akiwa mbaya, m ile ni kiambishi cha ngeli ya mtu, nayo ni silabi kamili: m-ba-ya, tatu. Habari ikiwa mbaya, m imeyeyuka ndani ya b, na neno lina silabi mbili. Mshairi hupima hayo bila kujua kwamba anapima. Ulimi wake unajua ngeli kabla akili haijaitaja. Mashine haina ulimi. Ili ihesabu mizani za neno moja, inabidi ijue neno lililotangulia ni la ngeli gani. Maalim, kwa mshororo mmoja wa mizani kumi na sita, alikuwa amenipa mtihani wa sarufi ambao sikuufaulu, na nadhani alijua anachofanya.

Sikuliweza jambo hilo kikamilifu, na sijaliweza mpaka leo. Nilichofanya ni kuifundisha programu kukiri. Ikikutana na neno lenye njia mbili, haichagui. Inapigia neno mstari na kusema: saba au nane. Uamuzi unabaki kwa mwenye shairi. Maalim alipoona hivyo alitikisa kichwa, akasema, "Hii sasa ina adabu."

Basi ningeishia hapo, programu ikatumika, na makala haya yasingekuwapo. Ila mjukuu wa Muscat alianza kunipelekea beti alizozinakili kwa herufi za Kiarabu, nami nikazifungua kwenye kompyuta yangu. Herufi zilisimama mojamoja, kila moja na umbo lake la upweke, kama abiria wasiojuana. Mwandiko wa Kiarabu hauko hivyo. Herufi hubadili umbo ikiwa mwanzo, kati au mwisho wa neno, na hushikana mikono kutoka kulia kwenda kushoto. Katika kompyuta ya Maalim, kwenye Windows, Tk ileile iliziunganisha, kwa kuwa huko mfumo wenyewe ndio ulioifanya kazi hiyo. Kwangu, kwenye Linux, toleo la Tk nililokuwa nalo halikuwa na mtu wa kulisaidia.

Nikaanza safari ya masanduku.

Nilikwenda kwanza kwa Qt, iliyozaliwa Norway mikononi mwa Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng na kutolewa hadharani mwaka 1995. Husimuliwa kwamba herufi Q ilichaguliwa kwa sababu tu ilipendeza machoni katika fonti waliyokuwa wakiitumia. Nami nilifurahi kwamba herufi ambayo alfabeti yetu haina kazi nayo imepata kazi kwingine. Qt iliandika herufi za Kiarabu vizuri mno. Kinachoifanyia kazi hiyo ndani kwa ndani kinaitwa HarfBuzz, jina lililotokana na Kiajemi, maana yake herufi zilizo wazi. "Harf" hiyo ni ndugu wa damu wa "herufi" yetu. Nilikaa nalitazama jina hilo kwa furaha ya mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Toka hapo nikaenda kwa GTK, iliyoanza kama zana za programu ya kuhariri picha iitwayo GIMP, kazi ya wanafunzi wawili wa Berkeley. Nayo inatumia HarfBuzz, na kwenye Linux iko nyumbani. Kwenye Windows niliiona kama mgeni aliyekuja na mizigo yake yote. Nikaijaribu Electron, ambayo humruhusu mtu kuunda dirisha kwa ufundi uleule wa kutengenezea kurasa za intaneti. Ilikuwa rahisi ajabu, mpaka nilipotazama ukubwa wa kitu nilichotakiwa kukipeleka Muscat na kukiweka kwenye kompyuta kuukuu ya Maalim: zaidi ya megabaiti mia, kwa kuwa kila programu ya Electron hubeba kivinjari kizima tumboni. Kibaba cha kupimia mizani hakihitaji kubebwa na meli.

Katika kila sanduku niliandika upya programu ileile. Katika kila sanduku nilijiambia kwamba hili ndilo. Nilisoma leseni, nikalinganisha kasi, nikabishana na nafsi yangu kuhusu mviringo wa pembe za vitufe. Nilijifunza kwamba masanduku haya yamegawanyika katika madhehebu mawili. Dhehebu la kwanza, ambamo Qt imo, hujichorea lenyewe kila kitu na kuiga sura ya wenyeji, kama mwigizaji hodari anayevaa kanzu katika mji wa kanzu. Dhehebu la pili ni la mkalimani: lenyewe halichori, humwomba mwenyeji alete kitufe chake mwenyewe na kisanduku chake mwenyewe. Lilikuwa jambo la kupendeza kulifikiria, nami nililifikiria kwa miezi minane.

Sasa naliungama lile deni. Katika miezi hiyo minane Maalim alikuwa anapofuka.

Nilijua kwamba ana presha ya macho. Ugonjwa huu hula uwezo wa kuona kuanzia pembeni kuja katikati, polepole, na kilicholiwa hakirudi. Nilimwona akisogeza daftari karibu, nikadhani ni miwani. Aliniuliza mara mbili, kwa upole, "Ile kazi yetu imefika wapi?" Mara zote mbili nilimjibu kuhusu herufi zilizounganika vizuri zaidi. Siku nilipompelekea toleo la Qt, zuri kuliko yote, aliinamisha uso mpaka pua ikakaribia kioo, akakaa hivyo kwa muda, kisha akasema: "Mwanangu, nakuamini kwamba lipo."

Madhara yake yalikuwa makubwa kuliko huzuni ya siku moja. Mwandiko wa zamani wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu huandika kidogo kuliko unavyotamka. Alama za irabu ni tatu, irabu zetu ni tano. Alama moja husimama badala ya i na e, nyingine badala ya u na o, hata "pita" na "peta" zikafanana, na "kuku" akafanana na "koko". Mara nyingi n na m za mwanzo wa silabi, kama katika "nda" na "mba", haziandikwi kabisa. Mjukuu aliweza kunakili kila nukta, na bado asijue babu yake alikusudia neno gani. Anayejua ni Maalim. Kama programu ingekuwa tayari wakati macho yake yanaona, angekaa na madaftari manne na kuyahamisha mwenyewe, neno kwa neno, kutoka mwandiko mmoja kwenda mwingine. Niliutumia wakati huo kuchagua vitufe.

Kilichonitoa shimoni hakikuwa busara yangu. Jamaa mmoja asiyeona, mfanyakazi mwenzangu wa zamani, alinionyesha jinsi anavyotumia kompyuta kwa NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti kilichomo kwenye skrini ya Windows. Iliasisiwa mwaka 2006 na Michael Curran, na baadaye akaungana naye James Teh, wote wawili Waaustralia wasioona. Inakuja na sauti ya Kiswahili. Ni sauti kavu, haina madaha, ila "mwogope" inasema "mwogope". Niliifungua programu yangu ya Tk mbele yake: kimya. NVDA haikuona kisanduku wala kitufe, iliona dirisha tupu. Yote niliyoyachora yalikuwa rangi tu kwa macho, na kwa sikio hayakuwapo.

Nikauliza NVDA yenyewe imeundwa kwa sanduku gani. Jibu: madirisha yake yameundwa kwa wxPython, yaani wxWidgets kwa lugha ya Python. Sanduku hilo ni la dhehebu la mkalimani. Lilianzishwa mwaka 1992 na Julian Smart, Chuo Kikuu cha Edinburgh, na herufi zake mbili za mwanzo ni w ya Windows na x ya mfumo wa madirisha wa dunia ya Unix, kwa kuwa tangu siku ya kwanza lilikusudiwa nyumba zaidi ya moja. Kwenye Windows huomba kisanduku cha Windows, kwenye Mac cha Mac, kwenye Linux huenda kwa GTK. Na kwa kuwa kisanduku ni cha mwenyeji, programu za kusoma skrini zinakijua tangu zamani, na herufi za Kiarabu zinaungana kwa mkono wa mwenyeji huyohuyo. Qt nayo ina njia zake za kusema na programu hizo, sisemi kwamba haiwezi. Kwangu mimi ilitosha kwamba waliotengeneza kifaa cha wasioona walilichagua sanduku hili kwa mahitaji yao.

wxPython ina kero zake. Kwenye Linux yangu haikupatikana ikiwa tayari, ikabidi kompyuta iijenge kutoka msimbo wa asili usiku kucha, feni ikilia kama cherehani. Dirisha lilelile hukaa vingine kidogo katika kila nyumba, na mtu anayependa vipimo vilingane hadi nukta atateseka. Sikujali tena. Kwa wiki mbili programu ilikuwa imehamia, na hakuna tena mstari wa rangi chini ya neno lenye utata. Kuna sentensi inayosomwa: "Mshororo wa kwanza, ukwapi: saba au nane."

Sentensi hizo nazo zilikuwa somo. Programu nyingi huunda ujumbe kwa kupachika neno katika pengo: jina la kitu, kisha "imefunguliwa". Kwa Kiingereza pengo hupokea chochote. Kwetu, faili imefunguliwa, shairi limefunguliwa, utenzi umefunguliwa, kitabu kimefunguliwa. Pengo moja halitoshi, kwa kuwa nomino yetu haingii mahali bila kubisha hodi kwenye kitenzi. Ilinibidi niziandike sentensi zote nzimanzima. Niliposikia mara ya kwanza ile sauti kavu ikisema "beti mbili zimehifadhiwa", bila kosa la upatanisho, niliona imestahili usiku wake. Maalim alirekebisha kimoja tu: mahali nilipoandika "Kosa la mizani", alitaka "Mizani zimezidi" au "Mizani zimepungua". Alisema kosa ni jambo la mtu na Mungu wake, mizani ni hesabu.

Hivi leo kazi inakwenda hivi. Mjukuu yuko Muscat na picha za madaftari. Jioni hupiga simu, husoma anachokiona: "Babu, hapa pana kaf, waw, kaf, waw." Maalim hufumba macho, ingawa kufumba hakubadilishi kitu, na kuurudia mshororo uliotangulia mpaka neno limjie. Akilipata hulipiga chapa mwenyewe, vidole vyake havijasahau, na dirisha humsomea na kumpimia. Daftari la kwanza limekwisha. La pili limefika katikati. Mahali pengine neno halimjii. Hapo huniagiza niweke nukta tatu, nami huziweka, na nazihesabu. Mpaka sasa ni mishororo kumi na tisa.

Kwa mwenzangu anayetaka kuandika programu kwa kujifurahisha, shauri langu ni fupi. Kabla hujauliza sanduku lipi ni zuri, keti na mtu atakayelitumia, umwache aligongegonge huku umenyamaza. Tk ingeweza kumfaa mtu mwingine kabisa, na kwa jioni moja tu. Qt ingeweza kunifaa mimi. Programu hii haikuwa yangu.

Bado nina jambo moja ambalo mimi na Maalim hatujakubaliana, nami nimeliacha mashine ilikiri kama ilivyokiri "mbaya". Neno "labda" yeye hulipima mizani tatu, la-b-da, akisema kila konsonanti iliyokosa irabu imesimama kwa miguu yake. Mimi sikio langu husikia mbili. Dirisha letu kwa sasa husema: mbili au tatu. Nanyi, washairi wa huko mliko, kwenu "labda" ni mizani ngapi?